Usimwambie mteja "nafanya kazi yoyote"



Dada wengi siku hizi wanauliza kuhusu kazi ya usaidizi wa mtandaoni, hasa walio karibu kuolewa na wenye watoto wadogo. Kazi yenyewe ni hii: mfanyabiashara yuko mbali, wewe uko nyumbani na simu au kompyuta. Unamjibia wateja, unaandika oda, unapanga tarehe, unakumbushia malipo. Wenzetu wa Kenya wana hata mpango wa serikali wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, unaitwa Ajira Digital. Kazi ni halali na ina heshima. Ila sisi tuna neno moja: ijenge juu ya kazi unayoipenda na unayoijua tayari. Ukianza kwa kusema "nafanya kazi yoyote", utalipwa kama mtu yeyote.

Sisi ni mafundi cherehani wa Kituntu, wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Huku ni kwa migomba na kahawa. Bahari hatuioni, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo tunawasaidia wenye maduka ya nguo za harusi, wa pwani na visiwani, kupokea oda na vipimo. Malipo yanakuja kwa simu, njia tuliyoizoea Tanzania tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Hakuna aliyetuuliza kama tuna digrii. Walichotaka kujua ni kama tunajua nguo.

Na kujua nguo ndiko kunakolipwa. Bi harusi akiandika kifua 36, kiuno 38, nyonga 34, msaidizi asiyejua kushona atanakili na kutuma. Sisi tutamuuliza: dada, futi kamba waliipitisha wapi, na ulipimwa juu ya dera? Mwingine akiandika kiuno 74, tunajua amepima kwa sentimita. Akitaka lesi nyeupe bila bitana, tunamkumbusha kwamba itaonyesha ndani, na siku ya nikah atataka stara. Maswali hayo yanamwokolea mwenye duka kitambaa, na yanamwokolea bi harusi aibu. Asiyeipenda kazi hana subira ya kuuliza mara ya pili.

Wako watakaosema njaa haichagui kazi. Basi tupige hesabu. Tuseme mtu anakulipa shilingi 100,000 kwa mwezi umfanyie kila kitu. Bando ni 25,000, umeme na ada ya kutolea pesa 5,000. Unabaki na 70,000. Hicho "kila kitu" kikila saa 3 kwa siku, kwa siku 26 ni saa 78. Kila saa haifiki shilingi 900. Sasa mwambie tangu mwanzo: nashughulikia oda na vipimo tu, saa moja kwa siku. Hata akishusha malipo hadi 70,000, na gharama zikabaki zilezile, una 40,000 kwa saa 26, yaani zaidi ya shilingi 1,500 kwa saa. Saa 2 ulizookoa kila siku unaweza kumtafutia mteja wa pili, au ukakaa kwenye cherehani yako.

Si lazima iwe kushona. Anayependa kupika atamfaa muuza keki, maana anajua kwa nini oda ya keki ya harusi haipokelewi jioni ya kuamkia shughuli. Anayependa hesabu atawafaa kina mama wa vikoba wanaotaka daftari lao liandikwe vizuri. Mpaka hina atajua maua gani yanakula muda mrefu, kwa hiyo hatapanga maharusi wawili asubuhi moja. Andika kazi unazozifanya bila kusukumwa, chagua mbili au tatu, kisha mfanyie mteja mmoja kwa mwezi mmoja kabla hujajitangaza kwa watu wengi.

Kuna jambo zito zaidi ya pesa, nalo ni amana. Bi harusi anayeagiza nguo anatutumia vipimo vya mwili wake, na wakati mwingine picha akiwa hana mtandio. Picha hizo hazipaswi kukaa kwenye simu ambayo kaka, shemeji na watoto wote wanaishika. Weka namba ya siri, usiziweke stetasi hata kama nguo imependeza kiasi gani, na oda ikishakamilika zifute. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kwetu sisi Waislamu hata bila sheria hiyo stara ya dada ni deni. Anayeona uzito wa kulilinda jambo hilo aombe kazi nyingine.

Mapatano nayo yaandikwe, hata na shangazi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi ujumbe wa WhatsApp unaosema kazi ni ipi, saa ngapi, malipo kiasi gani na tarehe gani si kumvunjia mtu heshima. Undugu hudumu zaidi hesabu ikiwa wazi.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, zungumza na mchumba wako kabla ya nikah. Mwambie unafanya kazi gani, saa zipi hujibu simu ya mtu mwingine, na kwamba unataka kuendelea. Nafaka ni wajibu wa mume, na kipato cha mke ni mali yake. Ukimsaidia kwa hiari, una thawabu. Maneno haya yakisubiri hadi baada ya fungate, huonekana kama ubishi.

Tumkumbuke Bi Khadija (r.a.). Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, bidhaa zake zikienda Sham yeye akiwa nyumbani. Alipotafuta mtu wa kumsimamia mzigo, alimchagua Muhammad (s.a.w.), kabla hajapewa utume, kwa sababu ya uaminifu wake. Wenye biashara wa leo nao wanatafuta mtu wa kumwachia mzigo wao. Mwenye duka la nguo za harusi hatamjua aliyeandika "nafanya kazi yoyote". Aliyeandika "najua vipimo, na picha za wateja wako ziko salama kwangu" atapigiwa simu, inshaallah.