Waya Mwembamba Kuliko Unywele

Wako wadhanio kwamba nyaya za dhahabu iliyochanganywa na fedha, zenye unene usiofikia nanomita 100, si somo la mtoto wa Berega. Hatukubaliani nao. Misafara ya karne ya 19 iliyopitia Kilosa ilibeba nyaya za shaba za kubadilishana na bidhaa, na wahunzi wa bara wakazivuta zikawa nyembamba, wakatengeneza bangili. Wataalamu wa leo hawavuti: hupitisha umeme katika maji yenye chumvi za metali hizo, metali zikajaa katika vitundu vya kigae, kigae huyeyushwa, nyaya zikabaki, zikachunguzwa kwa hadubini ya elektroni. Mwanachuo akianza kwa kuandika ubaoni maana ya aloi, mtoto atakariri asichokigusa. Twashauri aanze na waya wa shaba, kisha unywele wa mtoto mwenyewe, wenye nanomita zipatazo 80,000: ni nyaya ngapi zingepangwa ubavu kwa ubavu hata zifikie unene huo?