Mbu Hana Pasi



Hamira iumuayo mkate wetu wa asubuhi ina mjanja ndani yake. Sifanyi mzaha. Katika chembe za hamira za aina nyingi mna jeni liitwalo VDE. Desturi ni kwamba jeni la mzazi mmoja hufikia nusu ya watoto. Hili hufikia karibu wote. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walieleza hila yake. Chembe inapofanya vijimbegu vyake vinne, jeni hilo hutoa kitu mfano wa mkasi, kikaikata DNA ya upande wa pili, pale ambapo lenyewe halipo. Chembe haina budi kuunga, nayo huunga kwa kunakili upande wenye jeni. Ni kama mwanafunzi achanaye ukurasa wa daftari la mwenzake, ili mwenzake anakili upya kutoka daftari lake yeye, pamoja na jina lake aliloliandika katikati.

Mwaka 2003 Bwana Austin Burt wa London alisema hila hiyo yaweza kutiwa katika mbu. Mwaka 2018, katika vizimba vya maabara, mbu wa malaria waliotiwa jeni la namna hiyo walikwisha wote baada ya vizazi 7 hadi 11. Leo kazi hii ina wataalamu wake Entebbe na Ifakara pia, ingawa mbu wa hila hiyo hawajaachiliwa nje bado.

Hapa Rumonge nani asiyeijua malaria? Mimi imenikosesha mtihani. Mwaka 2024 ziwa lilifurika hadi majumbani, na vyandarua, twajuana, vingine huenda kuvua ndagala. Kwa hiyo siwaungi mkono wasemao mambo haya ya kigeni yaachwe.

Lakini mbu haonyeshi pasi mpakani. Jeni likiachiliwa nchi jirani laweza kutufikia, wala halirudishwi kwa barua ya serikali. Basi ruhusa ya nchi moja haitoshi. Wavuvi wa Rumonge, Nyanza-Lac na Uvira waulizwe kabla, kwa Kirundi na Kiswahili, si kwa Kifaransa cha mkutanoni.

Na sisi tuulizwe tukijua nini? Darasani tumesoma njegere za Mendel, nazo njegere hutii sheria. Habari ya hamira nimeisoma mwenyewe. Ninyi kaka zetu mliotutangulia, mlio madaktari na walimu huko Bujumbura, njoni Jumamosi moja mtufundishe. Ukumbi upo, na maswali tunayo.