Koti la mifuko kumi, foto isiyo na kichwa

Kapolowe. Kila siku ya mposho, ndoa zinapoanza kufuatana kuanzia Gare mpaka Mission, kuna kundi moja linalofika mbele ya wapiga ngoma na mbele ya wapishi. Ni wale wanaojiita wapiga picha profesioneli. Mtu anawatambua kwa mbali: koti lisilo na mikono lenye mifuko kumi, na mifuko yote kumi mitupu. Shingoni kamera kubwa inaning'inia, mara nyingine kifuniko cha lensi kingali mahali pake. Mgongoni pameandikwa PRO kwa herufi ambazo hata mzee mwenye macho mabovu anazisoma toka ng'ambo ya reli. Kitu kimoja tu kinachokosa kuonekana, hata mtu akisogea karibu, ni foto nzuri.

Kazi zao zinajulikana, na kila jamaa ina mfano wake kwenye ukuta au ndani ya simu.

Kuna foto ya kukata. Baba wa bwana harusi amelipa nusu ya ng'ombe, amevaa suti mpya, na foto inamwonyesha toka viatu mpaka kwenye tai. Kichwa kimebaki nje. Viatu, kwa kweli, vimetoka safi kabisa.

Kuna foto ya makaa. Jamaa nzima imesimamishwa kando ya ziwa Tshangalele, jua likiwa nyuma yao, maji yanang'aa kama kioo, na watu wote ni weusi tii bila macho wala pua. Mama akiuliza, anajibiwa: "Foto iko muzuri, mama, ni mwangaza tu njo ulikosekana." Mwangaza ulikuwepo, tena mwingi. Aliyekosekana ni mtu wa kuwageuza watu upande wake.

Kuna foto ya unga. Programu ya simu imepita juu ya uso wa bibi harusi mpaka umekuwa mweupe kama unga wa mihogo, lakini mikono imesahauliwa na imebaki na rangi yake. Mama mkwe anatazama na kuuliza kama kijana wake ameoa mtu mmoja au wawili.

Na kuna foto ya safari. Bwana na bibi hawajavuka Lubumbashi, lakini wamesimama mbele ya majengo marefu ya Dubai au mnara wa Paris. Miguu haigusi chini. Na pale katikati ya mkono na kiuno, mahali ambapo fundi alisahau kufuta, Dubai inaisha ghafla na unaonekana ukuta wa matofali mabichi na mbuzi mmoja anayetazama kamera. Mbuzi huyo ndiye pekee aliyepigwa vizuri.

Juu ya zote, katikati ya kifua cha bibi harusi, limeandikwa jina la mpiga picha na namba yake ya simu, kubwa kuliko maua.

Watu wanacheka, na wana haki ya kucheka. Lakini kicheko hiki kijue mahali pa kupiga. Kijana anayeazima simu ya kaka yake na kusema, "Yaya, ninajifunza, unipe kitu kidogo tu," hajamdanganya mtu. Hakuna fundi aliyezaliwa anajua. Hata wale wakubwa waliharibu foto nyingi kabla ya kupata moja ya kutundika. Anayestahili kuchekwa ni yule aliyechukua nusu ya makuta mbele kwa jina la profesioneli, akakataza wengine wasipige, kisha akaleta mbuzi.

Maana kazi hii haifanani na kazi nyingine. Fundi wa viatu akikosea, kiatu kinarudi kwake. Mshonaji akikosea, nguo inafumuliwa. Seremala akikosea, mlango unarandwa tena. Mpiga picha akikosea siku ya maziko ya bibi, bibi hatafufuliwa ili asimame vizuri. Ubatizo umepita, mahari imepokelewa, wajomba waliotoka mbali wamerudi kwao. Anayelipwa kwa foto analipwa kwa dakika ambayo haitakuja mara ya pili, na ndiyo maana neno profesioneli linatakiwa kuwa na uzito.

Hata foto ndogo ya pasipoti, ile inayoombwa kwa faili ya shule au ya kazi, ina sheria zake. Kipimo kinachotumika nchi nyingi ni milimita 35 kwa 45: uso unatazama mbele, macho wazi, nyuma pako wazi na rangi hafifu, hakuna kivuli. Ni kazi ya dakika tano. Lakini mtu akipewa foto yenye kivuli cha kichwa ukutani kama vile amesimama na ndugu yake, ofisi inaikataa. Analipa nauli ya kurudi, analipa foto ya pili, analipa nauli tena. Kwa jamaa inayohesabu franka za bukari, kosa hilo si la kuchekesha.

Wanaolijua jambo hili zaidi ni jamaa zilizokimbia makwao. Wazee wa Likasi bado wanakumbuka stesheni yao ya 1992 na 1993, pale watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani na kulala kando ya reli wakingoja treni. Watu wa Mitwaba, Manono na Pweto, pale palipoitwa pembetatu ya kifo, walikimbia bunduki za Mai-Mai miaka ya baadaye, wengine zaidi ya mara moja. Anayekimbia habebi kabati. Anabeba mtoto, sufuria, na kile kinachoingia ndani ya nguo. Foto inaingia.

Na katika nchi hii foto inabeba mzigo ambao kwingine unabebwa na karatasi. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuwa na kitambulisho cha taifa, na karti ya uchaguzi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Kisha katika mwaka wa uchaguzi, 2023, watu wengi wakatoa karti zao mpya mfukoni na kukuta foto na maandishi yamefifia mpaka hayasomeki, ikabidi CENI itoe duplikata. Nchi nzima ilijifunza kwamba foto inayofutika inaweza kumfuta na mwenyewe.

Mfano mzito zaidi ulitoka Goma. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, watu wengi walivuka mpaka kuingia Kivu, na katika msongamano ule maelfu ya watoto walipotezana na wazazi. Wengine walikuwa wadogo mno, hawakujua jina la baba wala la kijiji. Mashirika ya msaada yalipiga foto za watoto hao mmoja mmoja na kuzitundika kambini, ili wazazi wapite wakitazama. Mama alipita mbele ya nyuso nyingi akitafuta moja.

Basi mtu afikirie ubao ule kama ungejazwa na maprofesioneli wa siku ya mposho. Mtoto ana kovu dogo juu ya jicho, na kovu hilo ndilo mama yake analolijua gizani. Programu ya simu imelilainisha, kovu halipo. Ngozi imefanywa nyeupe. Nyuma pamebandikwa Dubai. Namba ya simu ya mpiga picha imepita juu ya mdomo. Mama angepita mbele ya mtoto wake na kuendelea na safari. Watoto waliotambuliwa kwa njia ile walitambuliwa kwa sababu aliyeshika kamera aliuacha uso kama ulivyo, wazi na wenye mwangaza.

Hapa wajanja wana jibu lao: "Kamera hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi yetu." Neno hilo lina ukweli wa zamani. Kwa miaka mingi maabara za foto zilipima rangi kwa kutumia picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa karti ya Shirley na kutolewa na kompani ya Kodak, na filamu zilitoa nyuso nyeusi kama kivuli. Kodak ilibadilisha filamu zake baada ya malalamiko, na inajulikana kwamba waliosikilizwa zaidi walikuwa wauza chokoleti na wauza vyombo vya mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Lakini hiyo ilikuwa filamu. Simu ya leo iliyo mikononi mwa kijana wa Kapolowe inaweza kutoa uso mweusi kwa uzuri wake wote, kama mwenye kidole anajua kukitumia.

Na elimu yenyewe haiuzwi ghali. Kamera inapenda kila kitu kiwe cha kijivu, cha katikati. Ikiona gauni jeupe na mabati yanayong'aa inaogopa, inapunguza mwangaza, na uso unazama. Basi mtu anagusa uso kwenye kioo cha simu na kuongeza mwangaza kwa kidole. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo mawili. Basi watu wanapelekwa chini ya kivuli cha mwembe, nyuso zikitazama kule mwangaza unakotoka. Kapolowe haikosi miembe. Hakuna mfuko hata mmoja wa lile koti unaohitajika kwa kazi hii.

Baada ya kupiga kuna kutunza, na hapo wengi wanaanguka mara ya pili. Foto inatumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa, na siku mtu anataka kuichapa kubwa kwa ajili ya matanga inatoka kama samaki aliyekanyagwa. Ikitumwa kama dokima, inafika nzima. Mwingine anafuta kadi ya kamera jioni ileile ili apate nafasi ya ndoa ya kesho. Wiki mbili baadaye anasema virusi vimekula. Kunakili foto mahali pawili kabla ya kufuta ni kazi ya nusu saa. Virusi hawali mahali pawili kwa siku moja.

Asiseme mtu kwamba Katanga haina wajuzi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978, amefikisha foto zake kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Katika kazi yake ya 2006 iitwayo Mémoire, alichukua foto za kale za wafanyakazi wa migodi na kuziweka juu ya foto za viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Watu wale walipigwa wakati wa ukoloni, na kompani iliyowapiga iliwahesabu kama vyombo vya kazi. Lakini foto zao zilitunzwa, na nyuso zao zingali zinatazama. Ni aibu kama mkoloni aliyemhesabu babu amemwachia mjukuu uso wake, na profesioneli wa leo, aliyelipwa na jamaa kwa mapenzi, anamwachia kivuli.

Wapiga picha nao wana lalamiko lao, na linastahili kusikilizwa. Watu wanatafuta wa bei ya chini kabisa, wanachelewa kulipa nusu iliyobaki, na ni wao wenyewe wanaoomba Dubai na uso wa unga. Ni kweli. Mteja aliyeomba kugeuzwa rangi asilie kwamba hajitambui. Lakini fundi wa kweli anajua kumwambia mtu, "Hapana mama, uso wako uko muzuri, tuuache." Bei ndogo inaweza kupunguza idadi ya foto, lakini haikati kichwa cha baba mkwe.

Basi jamaa inayojiandaa kwa ndoa, ubatizo au kilio, kabla ya kutoa nusu ya kwanza, iulize mambo manne. Foto ulizopiga siku ya mposho iliyopita ziko wapi, tuzione zote na si tano nzuri tu? Foto zetu zitatunzwa mahali pangapi, na kwa muda gani? Tutazipata lini, na je, zitakuja nzima au zimebanwa? Zikikosekana, makuta yanarudi? Yote yaandikwe kwenye karatasi, hata ya daftari, na pande mbili zitie sahihi. Mwenye kazi yake atajibu bila kukasirika. Mwenye koti tu atakumbuka ghafla kwamba ana ndoa nyingine Likasi.

Na jamaa zilizobaki na foto moja tu ya marehemu, ya kijiji au ya mtoto aliyepotea, zisingoje profesioneli. Foto hiyo ipigwe kwa simu kwenye kivuli angavu, bila kioo juu yake, itumwe kama dokima kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti, na nyuma ya ile ya karatasi yaandikwe majina na mwaka kwa penseli. Kazi hiyo inaweza kufanywa leo kabla ya jua kuzama.