Je, Milango ya Fahamu ni Mitano? Maoni Kuhusu Istilahi za Hisi

Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kuwa binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Orodha hiyo hukaririwa hadi chuo kikuu pasipo kuhojiwa. Makala haya yanadai kuwa, kama istilahi ya sayansi, ina kasoro mbili: ya idadi na ya taswira.

Kuhusu idadi, fiziolojia inatambua hisi zaidi ya tano. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara isiyohusika na usikivu. Kazi yake ni kutambua mzunguko wa kichwa. Misulini na katika maungio mna vipokezi vinavyoujulisha ubongo mahali mkono ulipo. Ndiyo maana mtu aliyefumba macho huweza kuigusa pua yake kwa kidole. Hisi hizo hazina mlango katika orodha.

Kuhusu taswira, mlango hupitisha kitu kutoka nje kuingia ndani. Lakini mwanga haufiki ubongoni, wala sauti haifiki. Seli za retina hubadili mwanga, na seli za koklea hubadili mtikisiko, zikatoa ishara za neva ambazo ubongo huzifasiri. Kiungo cha hisi, basi, kinafanana zaidi na mkalimani kuliko mlango.

Nje ya darasa, Kiswahili chenyewe hakikujifunga katika orodha hiyo. Mswahili husikia sauti, harufu, baridi na maumivu. Tena huona njaa na kiu. Wapo wanaoyahesabu matumizi haya kuwa ni uhaba wa msamiati. Hata hivyo, uchunguzi wa Åke Viberg wa mwaka 1984 ulionyesha kuwa katika lugha nyingi kitenzi cha hisi moja hupanuka kikabeba hisi nyingine.

Mfano bora ni pilipili. Husemwa kuwa inawasha, kwa kitenzi kilekile cha kuwasha moto. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walibainisha kipokezi, kiitwacho TRPV1, kinachoamshwa na kapsaisini ya pilipili na vilevile na joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Kazi hiyo ilichangia Julius kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Anayeuorodhesha ukali wa pilipili pamoja na utamu na uchungu hukosea. Mpishi asemaye inawasha hakosei. Haidaiwi hapa kwamba wahenga walizijua seli. Linalodaiwa ni kwamba mtunga istilahi achunguze matumizi ya wasemaji kabla ya kutafsiri orodha za wengine.

Huenda ikapingwa kuwa "milango ya fahamu" imeota mizizi katika fasihi. Hoja hiyo ni ya haki, na fasihi ibaki nayo. Katika biolojia itumike "mifumo ya hisi", bila kutaja idadi. Mwanafunzi wa Tanzania anayekuja kuisoma biolojia kwa Kiingereza, akikuta hisi zimezidi tano, huweza kudhani kuwa Kiswahili ndicho kilichomdanganya. Kumbe kosa ni la istilahi, na istilahi hurekebishika.