Mbuzi wetu wanaliwa toka ndani

Kila mvua za Septemba zikirudi, sisi wa Bagira na Kadutu mjini Bukavu, na wa vilima vya Kabare, tunaanza tena kupoteza mbuzi. Tumechoka. Mbuzi ndiye minervali (karo ya shule) ya mtoto, ndiye deni la hospitali.

Dalili za minyoo tunazijua. Funua kope ya chini ya jicho: pale palipopaswa kuwa pekundu pamekuwa peupe kabisa. Chini ya taya pamevimba maji. Akifa ukampasua, ndani ya tumbo la nne unakuta minyoo myembamba kama uzi, yenye mistari myekundu na myeupe, imeshiba damu. Jike mmoja wa minyoo hiyo hutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku. Mayai hutoka na mavi ya mbuzi, na kwa unyevu wa huku kwetu, kwa wiki moja hivi viluwiluwi vimekomaa, vinapanda majani na umande wa asubuhi. Na alfajiri ndiyo saa watoto wetu wanafunga mbuzi malishoni, maana shule inawangoja!

Malisho yenyewe yako wapi? Tangu enzi za Wabelgiji ardhi nzuri ya huku kwetu Bushi ilienda kwenye mashamba ya kwinini na chai. Tumebakiwa na kando ya barabara na mabonde ya maji. Mbuzi wa nyumba nyingi wanafungwa kamba pahali pamoja, wanaguguna majani hadi karibu na udongo, kule kule viluwiluwi vilikojaa. Bondeni nako kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Ndiyo sababu mchinjaji anatupa maini kila mara.

Mama akipata pesa ya dawa, jirani hana, na mavi yanaanguka pale pale. Dukani kidonge kinakatwa nusu, mbuzi anakadiriwa kwa macho. Mbuzi anahitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo wa uzito ule ule, lakini nani ametuambia? Minyoo inayonusurika dozi pungufu ndiyo inayozaa, na mwaka unaofuata dawa haifui dafu.

Sokoni ushuru wa mbuzi tunalipa bila kukosa. Basi veterineri apande huku na mizani, atazame macho ya kila mnyama, awanyweshe wanaoumwa dozi kamili. Na tupewe miche ya majani ya kukata tupande kwenye kingo za mashamba, mbuzi wale zizini mpaka umande ukauke.