Wosia si uchuro jamani!

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Lakini hili la leo lazima niliseme, maana tangu Jumanne halijanitoka kichwani.

Jumanne nilikuwa kwenye mahakama moja ya mwanzo hapa Dar kufuatilia kesi nyingine kabisa. Ikaahirishwa. Nikabaki pale nasikiliza shauri la mirathi: nyumba ya Magomeni, vyumba sita, watoto wa mama tofauti, na mjane wa miaka sabini na kitu kakaa kwenye benchi kashika mfuko wa rambo uliojaa risiti na bili za maji.

Hakimu akamwuliza, "Mama, marehemu aliacha wosia?"

"Alikuwa anasema tu, mheshimiwa. Alisema mimi nisitolewe kwenye nyumba."

"Nani mwingine alisikia?"

Kimya. Wale watoto wakubwa kwenye benchi la nyuma wakainamia simu zao.

Ndugu msomaji, sheria ya kimila inaukubali wosia wa mdomo, lakini inataka mashahidi wasiopungua wanne, wa ukoo na watu baki. Maneno ya chumbani kati ya mume na mke, hata yawe ya kweli kiasi gani, hayafiki mahakamani. Na bila wosia? Mila zilizoandikwa kuwa sheria mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilitoa uamuzi kwa malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, ikaitaka nchi yetu ibadili sheria za namna hiyo. Sasa huyu mama wa Magomeni na mfuko wake wa rambo angeisubiri Geneva?

Jioni nikamtafuta rafiki yangu tuliyekuwa naye Mlimani, yeye sheria, mimi uandishi wa habari. Wenzake wengi walikimbilia benki, madini na gesi. Yeye ofisi yake imejaa wazee wenye mikongojo. Kazi yake ni wosia, mirathi, hati za viwanja, mafao ya wastaafu. Wenzake wanamtania kuwa ni "wakili wa marehemu". Yeye anacheka: "Marehemu keshachelewa. Mimi wakili wa walio hai."

Nilidhani kazi yenyewe ni kujaza fomu. Wapi! Swali lake la kwanza kwa mzee si "una mali gani" bali "unaishi vipi?" Kwa sababu hapa kwetu mirathi ina njia zaidi ya moja: kuna mila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna ile ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na mkoloni. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya mtu, si jina la ubatizo tu. Mzee Mwislamu akisema anataka kumwandikia mkewe nyumba yote kwenye wosia, lazima aambiwe ukweli: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haandikiwi wosia juu ya fungu lake. Kama anataka mkewe awe na nyumba, azungumzie hiba, ampe na kumkabidhi yeye mwenyewe akiwa hai. Hilo halijazwi kwenye fomu ya kununua stationari.

Halafu kuna sisi vijana. Tunajiona watetezi wa wazazi, kumbe mara nyingine tatizo ni sisi. Rafiki yangu alinisimulia kijana aliyemleta bibi yake asaini hati ya kumpa mamlaka juu ya kiwanja. Wakili akamtuma kijana nje akanunue maji. Mlango ulipofungwa bibi akasema, "Mjukuu wangu, mimi hata sijui ninachowekea dole hapa." Hati haikusainiwa. Aliyelipa ada alikuwa kijana, lakini mteja alikuwa bibi. Wakili asiyeijua tofauti hiyo ni hatari kuliko mwizi wa usiku.

Na hata hati hiyo ya mamlaka ikitolewa kihalali, inakufa na aliyeitoa. Ukiendelea kuitumia baada ya mazishi, umekiuka sheria hata kama ni mtoto wa kwanza. Baada ya mazishi anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi si mrithi wa vyote! Ni mtumwa wa warithi, anatakiwa kupeleka hesabu mahakamani.

Najua mtaniambia mawakili ni ghali. Kweli, na nawalaumu wanaomtoza mzee wa pensheni kama wanavyoitoza kampuni ya simu. Lakini RITA wanaandika na kutunza wosia, na wosia wa kimila unaweza kuandikwa nyumbani mbele ya mashahidi wanaostahili. Kinachotukwamisha si pesa. Ni uoga. Tunaita uchuro. Tuko radhi kuchanga mamilioni ya jeneza na turubai kuliko kumwuliza baba swali moja akiwa anakunywa chai.

Mimi mwenyewe ninayepiga kelele hapa sikuwahi kumwuliza wangu. Jumamosi nikampigia. Shikamoo, habari za mvua, habari za mahindi, nikazunguka weee, mwisho nikatamka: "Baba, umeandika wosia?"

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha: "Nani kakutuma? Mnataka nife?"

Nikamweleza habari za yule mama wa Magomeni. Za mfuko wa rambo. Akanyamaza tena.

"Mlete huyo rafiki yako mwezi ujao," akasema. "Ila mama yako awepo tukiandika."

Sheria ya kimila nayo inataka hivyo hivyo: mke aliyeko nyumbani awepo ashuhudie. Mzee hajawahi kuisoma.

Wewe wako umemwuliza?