Ebola: Siku za kuchelewa zasomeka kwenye damu

Kila Ebola inapozuka mashariki mwa Kongo, anayevuka kutoka Kasindi kwenda Mpondwe hupimwa joto, hunawishwa mikono, kisha huruhusiwa kupita. Lakini kipimajoto hakisemi mgonjwa ana virusi kiasi gani. Jibu hilo limo kwenye damu.

Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kupima kifua kikuu, haiishii kusema ndiyo au hapana. Hutoa pia namba ya mizunguko iliyofanya hadi ikakiona kirusi. Namba ikiwa ndogo, virusi ni vingi.

Katika utafiti wa PALM, uliofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina kati ya 2018 na 2019, mstari uliwekwa kwenye 22. Miongoni mwa waliopewa dawa ya mAb114, waliokuwa juu ya mstari huo walikufa 10 hivi katika kila 100. Waliokuwa kwenye mstari au chini yake walikufa takriban 70. Dawa ni ileile, kilichotofautiana ni hali ya damu siku ya kuingia wodini. Aidha, waliofika figo na ini vikiwa vimekwisha kuathirika walikuwa katika hatari zaidi.

Hapo ndipo suala la mpaka linapoingia. Waliofika kituoni ndani ya siku moja ya kuugua walikufa asilimia 19, waliokaa siku 5 au zaidi walikufa asilimia 47. Mchuuzi anayemeza vidonge vya kushusha homa ili asikose gulio, au anayepita njia za panya kama ilivyozoeleka, anajipunguzia nafasi ya kupona kabla hajamwambukiza mtu.

Ikumbukwe pia kuwa kipimo kilichochukuliwa mapema mno huweza kutoa jibu la uongo. Asiyeonekana na virusi kabla ya saa 72 tangu dalili zianze hupimwa tena.

Hata hivyo, lawama zisimwangukie mchuuzi peke yake. Anayejua kuwa akijitokeza atapoteza mzigo wake, na majibu yatamfikia baada ya siku kadhaa, atajificha. Isitoshe, mAb114 ni ya Ebola aina ya Zaire tu. Mlipuko wa Uganda wa 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, usio na tiba iliyoidhinishwa. Serikali zinazotaka watu wajitokeze mapema hazina budi kusogeza maabara mpakani na kulinda mali ya mgonjwa.